Kalibu Hupasuka Inapopoa: Jinsi Feleji ya Kazi za Moto Inavyochoka

Kwenye meza ya karakana moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, palikuwa na vitu viwili vimewekwa kandokando. Kimoja kilikuwa kifuniko cha pampu ya maji, cha alumini, kilichotoka mashineni asubuhi ileile. Cha pili kilikuwa nusu ya kalibu iliyokizaa kifuniko hicho, donge la feleji lenye uzito wa mtu mzima. Ukipitisha ukucha juu ya kifuniko, unahisi mistari myembamba iliyoinuka, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Ukiupitisha ukucha huohuo juu ya kalibu, unakwama kwenye nyufa. Mishipa na nyufa vililingana mstari kwa mstari, kwa sababu alumini iliyoyeyuka ilikuwa imeingia kwenye kila ufa, ikagandia humo, ikatoka na sura yake.

"Fundi, moto umenimalizia kalibu," mwenye mali aliniambia.

Karibu kila anayeniletea kalibu husema hivyo, na si uongo mtupu. Moto ndio unaotayarisha uharibifu. Lakini ufa wenyewe hufunguka wakati wa kupoa, na ninaona ni muhimu sana jambo hili lieleweke, kwa sababu anayeamini kwamba adui ni moto hukimbilia maji. Nimekarabati kalibu kwa miaka mingi, na zilizouawa na maji nimeziona nyingi kuliko zilizouawa na moto peke yake.

Tuanze na feleji yenyewe. Inayotumika zaidi kwa kazi hii ina majina matatu, na muuzaji atakutajia lolote kutegemea inakotoka: Marekani huiita H13, Ulaya 1.2344, Japani SKD61. Ni feleji ileile, zikitofautiana kidogo tu. Ina kaboni karibu asilimia 0.4, kromiamu asilimia 5 hivi, molibdenamu inayozidi asilimia 1 kidogo, pamoja na vanadiamu na silikoni karibu asilimia 1 kila moja. Kuitia matiko, yaani kuipa ugumu kwa moto, kuna hatua mbili. Kwanza hupashwa hadi nyuzi 1,000 za Selsiasi na zaidi kidogo, kisha ikapozwa haraka. Halafu hupashwa tena, mara mbili au tatu, kwenye nyuzi 550 hadi 620.

Hatua ya pili ndiyo inayoipa tabia yake. Feleji ya kawaida ukiipasha tena, hulainika kadiri unavyoongeza moto. Hii ikivuka nyuzi 500, molibdenamu na vanadiamu hushikana na kaboni na kufanya chembe za kabidi ndogo mno, na chembe hizo hukifunga chuma kwa ndani kisiteleze. Ndiyo maana fundi akitengeneza dai, yaani kifaa cha kufinyangia chuma cha moto, kwa springi ya lori kuukuu, dai humlainikia mkononi. Springi ni feleji nzuri kabisa kwa kazi yake, ila haina chembe hizo za kuishikilia pale uso unapokaribia rangi nyekundu.

Sasa tuje kwenye kupasuka. Waliolelewa na taa ya chemni wanajua kwamba tone moja la mvua likidondoka kwenye kioo cha moto, kioo hulia pa! na kupasuka. Jiko la makaa lenye kauri ndani nalo, ukilimwagia maji ili uzime makaa upesi, kauri yake hufanya ufa. Kioo na kauri havijui kunyumbuka, kwa hiyo hupasuka papo hapo. Feleji haifanyi hivyo. Kwa kawaida haipasuki siku ya kwanza wala ya mia. Inajinyumbua na kurudi, inajinyumbua na kurudi, na kila mara kuna kitu kidogo ndani yake ambacho hakirudi. Huko ndiko kuchoka.

Ili uone kisichorudi ni nini, fikiria mpini wa jembe. Mpini ukilegea, wengi wetu tulifundishwa kuliloweka jembe kwenye maji usiku kucha. Asubuhi mpini umevimba, umekaza vizuri. Baada ya siku mbili tatu za jua umelegea kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Mti ulitaka kupanuka, tundu la jembe likauzuia. Kwa kuwa haukuwa na pa kwenda, nyuzi zake zilibanwa zikapondeka. Ulipokauka, ulirudi ukiwa mwembamba kuliko ulivyoingia.

Ngozi ya kalibu ni ule mpini, na mwili wa kalibu ndio tundu. Mashine inapoipiga alumini kwa shinikizo, alumini huingia ikiwa nyuzi 650 hadi 680 hivi. Kwa sehemu ndogo ya sekunde, ngozi ya feleji hupanda hadi nyuzi 500 au kupita. Sentimita mbili ndani, mwili uko kwenye nyuzi 200 na kitu, wala hauna habari. H13 hupitisha joto polepole, takriban mara 15 polepole kuliko shaba, kwa hiyo habari za juu huchelewa kufika chini. Ngozi inataka kupanuka. Mwili, ulio mkubwa na mpoa, unaikatalia.

Hesabu yake si ngumu, na nadhani inafaa kufanywa mara moja mtu auone ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, feleji hii hurefuka kiasi cha sehemu 12 kwa milioni. Ngozi ikizidi mwili kwa nyuzi 300, inadai kurefuka sehemu 3,600 kwa milioni, yaani kwenye uso wa sentimita kumi inadai milimita 0.36. Ni unene wa karatasi tatu au nne tu. Lakini kuizuia feleji isichukue hiyo milimita 0.36, tena kutoka pande zote za uso kwa pamoja, kunazaa mkazo wa karibu megapaskali 1,030. Kwa lugha ya mjengo, ni kama kusimamisha mifuko miwili ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, juu ya kila milimita moja ya mraba. Feleji iliyotiwa matiko vizuri, ikiwa baridi, huvumilia zaidi ya megapaskali 1,200 kabla ya kunyumbuka kwa kudumu. Inapokaribia nyuzi 600, uvumilivu huo huwa umeshuka chini ya 1,000. Mzigo unakuja wakati ambapo mbebaji ni dhaifu.

Basi ngozi husalimu amri kidogo. Hubanwa, ikanyumbuka kwa kudumu. Hapo bado hakuna ufa, kwa sababu kitu kinachobanwa hakifunguki. Mlango wa kalibu unafunguliwa, kipande kinatolewa, dawa iliyochanganywa na maji inapulizwa usoni ili alumini isigande kwenye feleji. Ngozi inapoa ghafla, na sasa, kama mpini uliokauka, imekuwa fupi kuliko nafasi yake. Mwili umeishika na unaivuta irudi ilipokuwa. Tena maji yameipoza ngozi kuliko mwili ulio chini yake, ambao bado una joto la alumini iliyopita, kwa hiyo ngozi inasinyaa juu ya mwili uliopanuka, na mvuto wa pili unajumlishwa juu ya ule wa kwanza. Hapo ndipo ufa hufunguka. Ngozi ilitendewa ubaya ikiwa moto, ikaulipa ikiwa baridi.

Wazo kwamba chuma huchoka ni la zamani. Katikati ya karne ya 19, Mjerumani August Wöhler alichunguza ekseli za mabehewa ya reli zilizokuwa zikikatika kwa mizigo ambayo, ikipimwa mara moja, ekseli iliibeba bila shida. Alionyesha kwamba kinachoikata ni kurudiarudia. Lakini ekseli za Wöhler zilikuwa zinachoka bila kunyumbuka kwa kudumu, na zilidumu mamilioni ya mizunguko. Kalibu yetu hunyumbuka kidogo kila pigo, na maisha yake huhesabiwa kwa maelfu au makumi ya maelfu. Kuchoka kwa aina hiyo kulielezwa vizuri Marekani katika miaka ya 1950 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Coffin na Manson. Waligundua kwamba idadi ya mizunguko hutegemea kiasi cha kunyumbuka kusikorudi katika kila mzunguko, na kwa vyuma vingi, ukikipunguza kiasi hicho kwa nusu, maisha huongezeka takriban mara tatu hadi nne.

Hilo lina maana kubwa kwa mfuko wa mwenye kalibu. Kunyumbuka kusikorudi ni kile kinachobaki baada ya kuondoa sehemu kubwa inayorudi yenyewe. Ni kama senti zinazozidi baada ya kulipa deni. Ukipunguza tofauti ya joto kidogo tu, unapunguza hizo senti kwa sehemu kubwa, wakati mwingine kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo mtu anayepandisha joto la mwili wa kalibu kwa nyuzi chache, au anayepunguza ukali wa kupuliza maji, hapati faida ya nyuzi chache. Anapata maelfu ya vipande. Sijaona ushauri mwingine katika kazi hii unaogharimu kidogo hivi na kulipa sana hivi.

Umbo la nyufa nalo linasema mengi. Tembea kwenye kiwanja kisichojengwa huko Embakasi mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimepotea, uangalie ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Uso umekauka na kusinyaa, chini bado kuna unyevu, na ardhi imegawanyika vipande vyenye pembe nne, tano, sita. Wajenzi huuchimba na kuuondoa kabla ya kumwaga msingi kwa sababu ya tabia hiyo. Uso wa kalibu iliyochoka, ukiutazama kwa lenzi, ni kiwanja hichohicho kilichopunguzwa hadi kuenea kwenye kiganja. Sababu ni moja: ngozi inavutwa kutoka pande zote sawasawa, kwa hiyo hakuna upande ambao ufa unaupendelea. Ukiona mahali nyufa zimeacha wavu na kujipanga sambamba, ujue hapo mvuto ulikuwa wa upande mmoja, kwa kawaida kwenye ukingo au kando ya pini. Na ukiona ufa mmoja mrefu, wa peke yake, unaoanzia kwenye pembe na kuingia ndani, huo si wa ukoo huu. Nyufa za wavu hupunguza mwendo zinapozama, kwa sababu kadiri unavyoingia ndani ndivyo joto linavyocheza kidogo. Ule wa pembe hausimami. Unaweza kuigawa kalibu vipande viwili.

Jambo hili si la kalibu peke yake. Fungua dramu ya breki ya lori linaloteremka Mai Mahiu kila siku na utakuta nyufa fupi zimejipanga usoni. Dramu ni chuma cha kusubu, si H13, lakini kisa ni hicho: uso unawaka kwa msuguano, mwili umebaki nyuma, halafu dimbwi la maji barabarani linamaliza kazi.

Ingekuwa rahisi kama kuchoka kungekuja peke yake. Uso wa kalibu una maadui wengine, na kila mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Wa kwanza ni kulainika. Nilisema kabidi ndizo zinazoishikilia feleji. Zikikaa kwenye joto kali muda mrefu, ndogo humezwa na kubwa, zinakuwa chache na zilizoachana, na chuma kinaanza kuteleza katikati yake. Hollomon na Jaffe walionyesha mwaka 1945 kwamba joto na muda hubadilishana katika jambo hili: joto kali kwa muda mfupi linaweza kulainisha sawa na joto la chini kwa muda mrefu. Mtu atasema, ngozi hukaa kileleni nusu sekunde tu, itadhurika vipi? Zidisha. Mapigo 50,000 kwa nusu sekunde kila moja ni sekunde 25,000, karibu saa saba za kukaa kwenye tanuri ambalo hakuna aliyejua limewashwa. Ngozi iliyolainika hunyumbuka zaidi kila pigo, na tumeshaona bei ya kunyumbuka.

Wa pili ni alumini yenyewe. Chuma huyeyuka ndani ya alumini iliyoyeyuka, kama sukari ndani ya chai, ila polepole. Dawa ikikosa kufunika mahali, alumini hushikana na feleji na kufanya tabaka gumu linalovunjika kirahisi, mchanganyiko wa chuma na alumini, na kipande kinachofuata kikitoka kinang'oa na ngozi. Ndiyo maana alumini ya mashine za shinikizo huachiwa chuma kwa makusudi, mara nyingi hadi kukaribia asilimia 1, ili isiwe na njaa ya kula kalibu. Watengenezaji wa vipande vinavyohitaji kupindika bila kukatika hulalamika kuhusu chuma hicho, na wana sababu, maana huvifanya vipande vikatike upesi. Faida ya kalibu na faida ya kipande haziendi pamoja kila mara.

Kwenye mlango wa kuingilia hali ni mbaya zaidi. Hapo alumini hupita kwa kasi ya mita 30 hadi 60 kwa sekunde. Mita 40 kwa sekunde ni kilomita 144 kwa saa, na matatu imewekewa kikomo cha 80. Fikiria kasi hiyo ikiwa ya chuma kiowevu, kikigonga mahali palepale kila baada ya dakika moja au chini yake, mwaka mzima. Feleji hapo huliwa kama ukingo wa mto.

Wa tatu ni kutu ya moto. Ufa mdogo ukishafunguka, hewa na mvuke huingia, na kuta za ufa huota oksidi. Oksidi ya chuma huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo ngozi inapopashwa tena na ufa kutaka kujifunga, unakuta kabari ndani yake. Haufungi. Kila mzunguko kabari inagongwa, na ncha ya ufa inasogea. Niliwahi kuukata ufa mmoja kwa upande, nikausugua kwa msasa laini na kuutazama kwa darubini ndogo ya karakana: mdomo wake ulikuwa umejaa kitu cha kijivu iliyoiva, na chini kabisa, kwenye ncha, uzi mweusi mwembamba kuliko unywele. Kwenye mdomo kulikuwa na alumini iliyogandia humo, chini yake oksidi.

Kuna uharibifu mwingine ambao kalibu huzaliwa nao. Mashimo mengi na pembe za ndani siku hizi huchongwa kwa mashine ya cheche za umeme. Kila cheche huyeyusha tone la feleji, na sehemu ya tone hilo hugandia tena palepale, ikiwa ngumu mno na tayari ina nyufa ndogondogo. Tabaka hilo huwa jembamba sana. Kalibu ikianza kazi nalo, haihitaji kusubiri maelfu ya mapigo ili ufa uzaliwe. Kinachobaki ni ufa kukua. Lazima lisuguliwe lote kwa jiwe na msasa, kisha kalibu ipashwe taratibu ili itulie. Karakana nyingi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kwa macho, na hili linanihuzunisha kuliko mengi, kwa sababu ni kazi ya siku moja.

Nitaeleza la kwangu pia. Nilipokuwa bado kijana kazini, mahali fulani ambapo sitapataja, tulipokea kalibu mpya Ijumaa na kuifunga kwenye mashine Jumatatu. Ulikuwa mwezi wa Julai, ile baridi ya Nairobi ambapo saa moja asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni. Kalibu ilikuwa baridi kama kaburi. Agizo lilikuwa limechelewa, na tuliambiwa tuipashe kwa alumini yenyewe: tupige vipande ishirini vya kutupa, itapata joto. Mzee mmoja aliyekuwa akitayarisha tanuri aliniita kando.

"Kijana, kalibu huamshwa polepole. Hiyo mnaimwagia moto ingali usingizini."

"Mzee, ni amri."

Alitikisa kichwa akarudi kwenye tanuri lake. Alasiri, katika pigo ambalo sikumbuki lilikuwa la ngapi, tulisikia mlio mkavu ndani ya mashine, kama kuni inavyopasuka jikoni. Pembe moja ilikuwa imefunguka kutoka usoni hadi kwenye mfereji wa maji. Kalibu ya fedha nyingi ilikuwa imeishi siku moja.

Baadaye nilielewa kwamba tulikuwa tumekosa mara mbili. La kwanza ni hesabu ileile: kati ya feleji ya nyuzi 12 na alumini ya nyuzi 660 kuna pengo la karibu 650, wakati kalibu iliyopashwa hadi 200 ingelipunguza hadi 460. La pili wengi hawalijui. Feleji hii ikiwa baridi haina ushupavu, yaani ufa ukianza ndani yake hukimbia kwa urahisi. Ikipashwa hadi nyuzi mia na kitu au mia mbili, ushupavu wake huongezeka sana. Tuliipa mzigo mkubwa kuliko wote wa maisha yake katika saa ambayo ilikuwa dhaifu kuliko zote.

Ndiyo sababu kazi huanza na moto wa gesi, au mafuta ya moto yanayozungushwa ndani ya mifereji, hadi mwili wote ufike nyuzi 180 hadi 250, kutegemea kipande. Ufike wote, si uso tu. Kushika kichomeo kimoja na kuunguza sehemu moja hadi igeuke rangi ni kutengeneza ngozi na mwili palepale kabla ya alumini kufika.

Kuhusu kupuliza: dawa ni ya kuzuia alumini isishike, si ya kupoza. Kalibu inapaswa kupozwa kutoka ndani, kwa mifereji, ambako joto hutoka bila kuitisha ngozi. Pale mifereji ilipoziba kwa chokaa na kutu, ambalo ni jambo la kila siku, mwendeshaji huona vipande vinatoka laini na kuvimba, naye hurefusha mpulizo ili kufidia. Hana kosa. Anafanya kwa maji ya nje kazi ambayo maji ya ndani yameacha kufanya. Ukitaka kujua kwa nini kalibu fulani inachoka upesi, kabla ya kulaumu feleji, pima kiasi cha maji kinachotoka kwenye mifereji yake.

Feleji ngumu zaidi haiwezi kuwa jibu peke yake. Ugumu wa 44 hadi 48 kwa kipimo cha Rockwell ndio watu wengi wanaofanyia kazi za alumini. Ukipanda juu yake, wavu wa nyufa huchelewa, lakini ufa wa pembe, ule unaogawa, hukaribia. Kwenye Chuo Kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland walibuni jaribio linalojulikana sana katika fani hii: kipande cha feleji chenye pembe nne, kinachopozwa kwa maji kutoka ndani, huzamishwa kwenye alumini iliyoyeyuka na kutolewa, tena na tena, kisha nyufa zake hupimwa. Hupimwa kwenye pembe, kwa sababu huko ndiko zinakoanza. Kalibu inayoweza kuchorwa na pembe za mviringo isichorwe na pembe kali. Nitridi, yaani kuingiza nitrojeni kwenye uso kwa nyuzi 500 na kitu, husaidia dhidi ya kuliwa na kushikwa na alumini, ila tabaka likiwa nene huvunjika lenyewe. Mipako migumu ya kisasa ina faida kama hiyo na masharti kama hayo.

Kile kifuniko cha pampu, basi. Nilipima kina cha nyufa za kalibu yake: nyingi hazikufika nusu milimita, isipokuwa karibu na mlango wa kuingilia, ambako zilizidi milimita moja. Tulisaga uso wote, tukachimba pale mlangoni hadi ufa wa mwisho ukaisha, tukapachomelea kwa waya wa feleji ya jamii ileile, kalibu nzima ikiwa na joto muda wote wa kuchomelea. Kisha tukairudisha tanurini, chini kidogo ya joto la mwisho ililotiwa matiko, ili ile mikazo iliyokwama ndani yake ilegee. Mifereji miwili kati ya minne ilikuwa imeziba kabisa. Tuliitoboa upya.

Jumatatu iliyofuata nilipita pale saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu kuanza. Vichomeo vya gesi vilikuwa vimewashwa, moto mdogo wa buluu ukilamba pande zote za kalibu. Mwenye mali alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kipimajoto mkononi, chai pembeni.

"Imefika 140," alisema. "Karibu chai, fundi. Hatufungui alumini bado."